Bamba Tulilolifua Gongoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa debe la mafuta ya taa, brashi ya waya na tambara, nikaambiwa niingie chini ya lori. Msimamizi wa karakana yetu pale Tabora alikuwa Singasinga mrefu, mtu wa maneno machache. Aliinama akanitazama nilivyolala kwenye vumbi.

"Utaosha chini tu, mpaka nikuambie basi," alisema. "Juu gari hupakwa rangi likadanganya watu. Chini haliwezi."

Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ikawa miezi minane. Lakini katika miezi hiyo nilijifunza kusoma makovu. Nikiona mchubuko kwenye difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, nilijua gari limepita kwenye mawe. Nikiona chesisi, yaani mifupa ya gari, imekwaruzwa upande mmoja, nilijua dereva amekwepa shimo akakuta jingine.

Baadaye nilihamishiwa Nzega, kwa Msimamizi wa Barabara, Mwingereza aliyekuwa haongei mpaka amalize chai yake. Kule tulitunza malori ya pamba. Vipuri vilikuwa adimu, kwa hiyo tulifua wenyewe kila kilichofulika. Niliporudi Tabora miaka mitatu baadaye, tayari nikiitwa fundi, nilikuta magari mapya madogo ya foo-wili, yale ambayo magurudumu yote manne huvuta.

Vijana wa leo mmeyazoea, ila kwetu yalikuwa ajabu. Nyuma ya gia boksi lilikuwapo sanduku la pili la gia, sisi tukiliita transfa. Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini, nyingine iende mbele, nyingine nyuma. Ganda lake lilikuwa la aluminiamu, madini mepesi lakini yanayopasuka, nalo lilining'inia chini katikati ya gari bila kinga yoyote.

Kwenye barabara ya changarawe hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa magharibi. Njia ya kwenda Usinge ilifuata mahali pengine ile njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, kisha ikaingia katika pori la miyombo. Waliokata njia za porini waliangusha miti wakaacha visiki, na mvua zikinyesha nyasi huvifunika. Dereva haoni kitu mpaka asikie.

Gari moja lilikuwa la kikosi cha kupambana na malale, ule ugonjwa wa usingizi. Liliendeshwa na Mzee Selemani, Mmanyema wa Gongoni, mtaa mmojawapo wa Tabora, na ndani yake alisafiri Dresa Mateo, mganga msaidizi aliyekuwa akipita vijijini kupima watu. Masika moja transfa ya gari hilo ilipasuliwa na visiki mara tatu. Mara ya tatu walikuwa wamempakia mrina asali mmoja aliyeugua sana, wakimwahisha treni ya Tabora. Oili yote ilimwagika, gia zikakamata. Wakamfunga kwenye machela wakatembea naye. Walipofika stesheni, treni ilikwisha kupita. Yule mtu alifariki hapohapo, akisubiri ya siku ya pili.

Dresa Mateo alikuja karakana akiwa bado na matope miguuni. Hakumlaumu mtu. Alikaa juu ya tairi bovu akaniuliza, "Fundi, kisiki kile kilikuwa kifupi kuliko goti langu. Kweli hakuna la kufanya?"

Sikulala vizuri wiki ile. Kisha nikaenda kwa Mhandisi, mkuu wetu sote, nikamwomba ruhusa ya kutengeneza bamba la chuma la kukinga transfa. Mhandisi alikuwa Mwingereza mpole, lakini mtu wa vitabu.

"Kama gari lingehitaji bamba, waliolitengeneza wangeliweka," alisema.

"Bwana, waliolitengeneza hawajafika Usinge."

Mwishowe akasema nijaribu, kwa gari hilo moja tu, na kwa chuma chakavu tu. "Likiharibu kitu," akaongeza, "utarudi kuosha chini."

Chuma nilikipata kwenye yadi ya reli: taruma bovu, lile pande la chuma linalolazwa chini ya reli. Ni chuma kigumu, unene wake kama kidole chembamba. Kukikunja kulinishinda. Ndipo Mzee Selemani akanipeleka Gongoni kwa jirani yake, Mzee Kaombwe, mhunzi aliyefua majembe tangu enzi za Mdachi.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Umeniletea jembe la nani kubwa hivi?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimekata kielelezo cha kadibodi chenye umbo la bamba, nikamwonyesha na mahali pa kulifunga: kwenye ganda lenyewe la transfa, kwa bolti zilizokuwapo. Akaligeuzageuza lile kadibodi.

"Mwanangu, mtu ana kidonda kifuani, wewe unamfunga ngao juu ya kidonda. Akipigwa, pigo litaishia wapi?"

Niliona aibu, kwa maana alikuwa hajapata kufungua gari hata siku moja. Tukabadilisha mpango. Bamba lingefungwa kwenye chesisi, na kati yake na transfa tungeacha nafasi ya vidole vitatu.

Tulifua siku nne. Yeye alishika koleo na kuelekeza, mimi nikapiga nyundo, Mzee Selemani akavuta mivukuto huku akilalamika kwamba yeye ni dereva. Tulilipasha moto taruma mpaka likawa jekundu, tukalinyoosha, kisha tukainua ukingo wa mbele kama ncha ya mtumbwi, ili likikutana na kisiki lipande juu yake lisikwame. Nikalitoboa kwa keekee ya mkono. Kwenye bolti za nyuma niliweka vipande vya tairi kuukuu, kwa sababu chesisi hujipinda kidogo njia ikiwa mbaya, na bamba lisilo na ulegevu hukata bolti zake lenyewe.

Nilijiona nimemaliza. Safari ya kwanza ilinionyesha sivyo. Hawajafika hata Urambo, Mzee Selemani akasikia harufu ya kuungua. Nyasi zilikuwa zimejazana juu ya bamba, zikagusa bomba la moshi, zikaanza kufuka. Walizizima kwa maji yao ya kunywa. Aliporudi, alinivuta pembeni.

"Mimi na Mateo hatutasema," akaniambia. "Rekebisha kimyakimya."

Nilifikiri sana. Kisha nikaenda kwa Msimamizi wa karakana, yule Singasinga, nikamweleza yote. Akauliza nani mwingine anajua. Nikamtajia.

"Basi kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu nataka uniruhusu nilifunge tena."

Hakucheka, lakini alivua miwani akaingia chini ya gari pamoja nami. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba hata nati ya kumwagia oili nilikuwa nimeifunika. Nikakata madirisha matatu katika lile bamba: moja la nati, mawili ya kutolea nyasi na matope. Kila jioni dereva angepitisha fimbo humo kusafisha. Bamba likawa jepesi zaidi, na halikupungua nguvu.

Safari iliyofuata Mhandisi aliniamuru niende mwenyewe. Tukiwa kijiji kimoja cha mbele ya Usinge tulimchukua mama mmoja, Nyamizi, aliyekuwa akisinzia katikati ya maneno, pamoja na mama mkwe wake. Treni ilikuwa ya alasiri. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, na njia yote ilikuwa nyasi mbichi.

Kishindo kilitupata tukiwa nusu ya njia. Gari liliinuka mbele, likakwaruza kwa sauti ya kutia ganzi meno, likatua. Mzee Selemani akazima injini. Nikashuka, nikalala kwenye maji, nikaingiza mkono kupitia dirisha la bamba nikalipapasa ganda la transfa. Lilikuwa kavu. Bamba limebonyea kama sahani na kichwa cha bolti moja kimekatika, lakini hapakuwa na tone la oili.

"Vipi?" akauliza Dresa Mateo.

"Washa tuondoke," nikasema.

Yule mama mkwe akaniuliza kwa Kinyamwezi kama gari hili huwa linagonga hivyo kila siku. Nikamjibu kwamba leo limegonga vizuri. Tuliiwahi treni. Nyamizi alitibiwa, akapona, na baada ya miezi kadhaa Mateo alimkuta shambani kwake akipalilia karanga.

Mhandisi aliagiza magari mengine sita yafungwe mabamba. Alichora mchoro safi, akautia sahihi yake mwenyewe, akaupeleka makao makuu. Jina langu halikuwamo, wala la Mzee Kaombwe. Sitasema halikuniuma. Ila siku tulipokuwa tukifunga bamba la kwanza kati ya yale sita, Msimamizi alikuja na tindo ndogo za herufi. Akagonga upande wa chini herufi ya kwanza ya jina langu, na pembeni yake ya mhunzi.

"Mkaguzi hafiki huku," alisema. "Mafundi watafika."

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, nikaona Mwingereza wa mwisho akikabidhi funguo za karakana, nikastaafu mikono ikiwa bado na nguvu ya kulima. Siku ya kuniaga, wenzangu walitaka nitaje kazi niliyojivunia kuliko zote. Nilishindwa kujibu, maana fundi mara nyingi hayupo kazi yake inapokamilika. Sasa nina jibu: ni lile bamba, nalo hukamilika pale safari inapokwisha. Watu wakifika salama hawazungumzi habari za gari. Hushuka, hujinyoosha migongo, huulizana habari za nyumbani, na mtu wa kwanza huomba maji ya kunywa.