Mjomba wa Vifo Vitatu

Msusi wa kibanda cha buluu alikuwa na mdomo usiojua Jumapili. Mkono unasuka nywele, mdomo unasuka maneno, na wateja walifuata vyote viwili. Jambo moja tu hakuwahi kulisema sawasawa: kifo cha mjomba wake aliyemlea.

Mjomba alijiua wakati msusi akiwa bado mtoto, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota. Shangazi alimwambia amesafiri. Jirani akasema tumbo. Bibi akasema nyamaza. Alipokuja kuujua ukweli, ulimi ulikuwa umeshazoea kukwepa. Aliogopa watu waseme, "Hiyo iko kwenye ukoo," na zaidi ya wote alimwogopa mama mkwe wake, bibi wa watoto wake. Basi ukimwuliza, anakupa kifo chochote kilichomjia siku hiyo.

Jumamosi moja mama mkwe alikuja kuoshwa nywele. Kwenye benchi walikaa mwalimu wa chekechea na muuza viatu. Nje radi ikapiga.

"Uwii! Ndiyo iliyomuua mjomba wake huyu, maskini," akasema mwalimu.

"Radi? Mwenzangu, mimi aliniambia mamba!" akadakia muuza viatu.

"Mamba?"

"Labda radi ilimkuta yuko tumboni mwa mamba!"

Kichwa cha mama mkwe kikachomoka kwenye beseni, povu mpaka kwenye nyusi. "Jamani, si aliangukiwa na kabati? Pole ya kabati nimeitoa mimi, na machozi juu!"

Kibanda kizima kikapasuka. Muuza viatu alishika mbavu, mwalimu alishika ukuta, na msusi mwenyewe alicheka mpaka chanuo likamponyoka.

"Haya, mwanangu," mama mkwe akasema, akihema. "Tushike lipi?"

Kicheko kilikuwa kimeuacha mdomo wazi, na neno likapita hapo hapo. "Alijiua, mama."

Povu likamdondoka mama mkwe puani, asilifute. Msusi akatazama sakafu, akingoja neno la ukoo.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" mama mkwe akauliza.

Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. "Mcheshi!" likamtoka. "Asubuhi ananisuka mwenyewe niende shule. Njia zimepinda kama mlevi anatafuta kwao! Halafu anarudi nyuma, anajipigia makofi." Machozi yakamshuka naye bado anacheka, hajui afute kipi.

Mama mkwe akasuuza kichwa, akajikausha, akakalia kiti kilicho mbele ya kioo.

"Nisuke hivyo hivyo."

"Mama! Watu watakucheka."

"Wacheke, nimewakataza? Anza, kabla akili haijanirudi."

Msusi akashika chanuo, akafumba jicho moja, akachora njia ya kwanza. Ikatoka imenyooka kama rula.

"Hiyo mbovu!" mama mkwe akapiga kelele mbele ya kioo. "Pindisha, mwanangu, pindisha!"