Safura ya Kisiwani na Mkwe Asiyeonekana

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Iringa, Bwana Maabara alinikabidhi darubini akasema, "Ukiivunja hii, rudi kwenu Kalenga kwa miguu, wala usiage." Nikaishika kama yai. Baadaye nilihamishiwa Mbeya, na huko Bwana Mganga Mkuu akanituma kupima safura, minyoo midogo ya tumboni inayonyonya damu, katika kisiwa cha Wanyakyusa kwenye Ziwa Nyasa. Ilinibidi niwahi kabla ya masika, maana yakichachamaa, hakuna aliyeingia wala kutoka.

"Nataka kujua imeenea kiasi gani," alisema. "Ikiwa ni ya wachache, dawa nitapeleka kwingine. Meza weka kwa jumbe."

Nikaiweka uani kwa jumbe, mzee mrefu asiye na maneno mengi. Wanaume na watoto walileta vikopo vya choo. Nilipaka kidogo juu ya kioo, nikatafuta mayai ya minyoo. Yalikuwapo, ila kwa wachache. Wanawake hawakuja kabisa, nami nikakasirika, nikidhani wananidharau.

Jioni jumbe aliniita kando.

"Mwanangu, mke wa kijana wangu ana mimba. Ile ya kwanza iliharibika. Nasikia siku hizi hata ndoo ya maji inamshinda. Mbona hujampima?"

"Baba, hakuja."

"Atakujaje, na mimi nimekaa hapa?"

Mimi Mhehe, nilikuwa sijui. Kwao mke wa mtoto hakutani na baba mkwe, hamtazami, hata njia anayopita huikwepa. Na kila mzee wa kisiwa kile alikuwa amejikalia pale uani, akiitazama darubini yangu kama sinema.

Kesho yake jumbe aliwapakia wazee wenzake kwenye mitumbwi, wakaenda kuvua mchana kutwa. Jua liliwachoma, na samaki hawakupata wa maana. Uani wanawake walijaa. Safura huingia kwa nyayo, na wao ndio walioshinda peku kwenye tope la mpunga. Karibu kila kioo kilikuwa na mayai. Yule mkamwana wa jumbe, kiganja chake kilikuwa cheupe hata nikaogopa.

Bwana Mganga Mkuu aliposikia majibu alisema tu, "Pakia dawa zote." Mjamzito alianza na vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo ilingoja ajifungue.

Sasa nimestaafu, nakaa Kihesa. Vijana wa maabara wakinieleza kwamba ugonjwa fulani ni wa wachache, huwauliza ni nani hakuja kupimwa, na ni nani alikuwa amekaa mlangoni. Wao hucheka, lakini hatimaye huenda kutazama.

Mwaka ule, niliporudi kisiwani masika yalipokwisha, jumbe alinipokea ufukweni, mjukuu mnene mikononi. Nikamuuliza hali ya mama wa mtoto.

"Ndaga, mwanangu, asante," alisema. "Mimi sijamwona, wala sitamwona. Lakini alfajiri namsikia anatwanga. Siku hizi mchi wake unaniamsha."