Zulia la Maua la Salome

Mke wangu akitaka kuwachangamsha wageni hunitazama tu, nami najua ni mkasa gani unaokuja, basi leo bora niusimulie mwenyewe, maana aibu yangu nikiitoa mimi angalau napata nafasi ya kujitetea.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa ghorofa ya pili mtaa wa Saint-Gilles, huko ughaibuni, na mke wangu Salome alikuwa hospitali kwa operesheni ya kidole tumbo. Kabla ya kuondoka aliitazama sebule yetu akasema inafanana na chumba cha kungojea treni. Nikaapa: akirudi atakuta majira ya kuchipua yamefika humu ndani kabla ya kufika bustanini. Nikanunua zulia la maua ya manjano (dogo kuliko nilivyolidhania dukani, lakini tuyaache hayo), na kwa kuwa gazeti la mapambo lilishauri kuanza na chumba kitupu, nikasukuma makochi yote nje, kwenye ngazi, nikalitandika katikati ya sakafu. Pembe zikakataa kulala. Mimi si mtu wa kushindwa na pembe. Nikashuka mbio kutafuta gundi, mlango nikauacha wazi.

Niliporudi, viatu vimejaa mlangoni, na Maman Georgette wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Bukavu, ameketi juu ya maua yangu na wenzake watatu, wanalia. Nikajua amefiwa, na kwa kuwa chumba chake ni kidogo, amekuja kulilia kwangu. Sasa, mfiwa humkurupukii kumuuliza nani kafa. Unakaa kwanza, jina litakuja lenyewe. Nikaficha gundi mfukoni, nikakaa.

"Papa, ukaze roho," akaniambia, akinishika mkono. "Alikuwa muntu muzuri."

"Mzuri sana," nikajibu (ningesema simjui?), kisha nikamkumbuka marehemu baba yangu, machozi yakanitoka kweli, na wale kina mama waliponiona wakapandisha kilio hadi jirani wa juu akateremka na sufuria ya maharage.

Ndipo Salome akaingia, karuhusiwa mapema, mkono mmoja begi, mmoja tumboni. Akatutazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amefariki?"

"Yesu!" Maman Georgette akaruka, sufuria ikapinduka, maharage yakaenea juu ya maua. "Maman Salome! Lakini wewe uko hôpital, bon, tunaona viti yote inje, mulango wazi, tapis moja chini, donc tukajua ni matanga!"

Wote wakanigeukia mimi, mgane mwenye macho mekundu. Nikatoa gundi. Sijui nilidhani itaeleza nini.

Salome akalitazama zulia.

"Kwa hiyo nimekufa mimi," akasema, "na ukaninunulia zulia la kukaliwa na watu wanne?" Kisha akaanza kucheka, ameshika nyuzi za operesheni, ananisihi nisimwangalie.

Tangu siku hiyo sitoi hata stuli mlangoni kabla ya kupita ghorofa zote kuwatangazia majirani kwamba sote tu wazima.