Kumtafutia Mama Mkwe Choo Mjini Tanga

Sipendi Tanga. Wanaoipenda waipende, sina ugomvi nao. Watu wa huku kwetu Lushoto wakienda Tanga hurudi wakisifu upepo wa bahari, samaki wa kukaanga na barabara zilizonyooka. Mimi nikiulizwa Tanga kukoje, nasema ni mji wenye bahari kubwa na vyoo vyenye kufuli, kisha nageuza mazungumzo. Nikiendelea nitasema mengine ambayo sipendi kuyasema mbele za watu.

Nilikwenda kumpeleka mama mkwe kutibiwa jicho. La kushoto lilikwisha kufa zamani, alipigwa na kijiti akipasua kuni. Hili la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, hata akawa haoni ila kivuli cha mtu na mwanga wa mlangoni. Madaktari wa macho kutoka mbali walipiga kambi katika hospitali moja ya Tanga, na mama akaandikiwa siku ya mwisho ya kambi hiyo. Akipasuliwa siku hiyo ataona. Asipopasuliwa, madaktari wanafunga mizigo yao wanaondoka. Hilo lilikuwa wazi kwetu sote tangu mwanzo, hata sasa siwezi kusema hatukujua.

Wa kumpeleka alikuwa mke wangu, lakini mke wangu ni mwalimu, na wiki hiyo alipangiwa kusimamia mtihani. Shemeji zangu wako mbali. Nikabaki mimi, mkulima wa kabichi na karoti, mtu ambaye miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kukaa na mama mkwe meza moja.

Msiokuwa wa huku mtaona ni mambo ya ajabu. Kwetu sisi tuliolelewa kizamani, mkwe unamheshimu kwa kumkalia mbali. Shikamoo yake unaitoa umeinama, macho yako yako pembeni. Humgusi mkono. Na habari za mwili, za kuoga, za tumbo, za kwenda haja, hizo hazipiti kabisa kati yenu. Nikiwa na neno la kumwambia mama nilimwambia mke wangu, naye akampelekea. Yeye akiwa na lake, alifanya vivyo hivyo. Tuliishi hivyo vizuri sana na hatukuwahi kukoseana.

Tuliondoka alfajiri. Nikamketisha dirishani, mimi nikakaa viti viwili nyuma yake. Mombo abiria walinunua chai na maandazi, nikamtuma mama mmoja abiria amwulize kama atakunywa. Akakataa. Kule mbele konda akasimamisha basi akatangaza wa kuchimba dawa washuke, kina mama upande huu, kina baba upande ule. Wanawake wote walishuka, mama hakushuka. Muheza nikamnunulia machungwa yaliyokwisha menywa. Akalishika moja mkononi mpaka Tanga, hakulinyonya.

Nililiona hilo. Nilielewa kabisa kwamba hanywi kitu ili asije akapata haja akiwa na mimi. Na nasema kweli, nilishukuru. Nilijisemea moyoni, afadhali, ameniepusha na mtihani.

Hospitalini tulifika saa tano kasoro. Nesi aliyekuwa anapima presha alikuwa dada mmoja mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kufika mpaka barabarani. Akampima mama, akatikisa kichwa, akampima tena. Akamwuliza, "Mama, dawa ya presha umekunywa leo?" Mama akasema amekunywa. "Mama, umekunywa kweli?" Mama akainamisha kichwa akamnong'oneza jambo. Nesi akanifuata nilipokuwa.

"Baba, huyu mama yako hajanywa dawa siku tatu. Anasema dawa inamkojoza, na safari anasafiri na mkwe. Nyie watu wa milimani mna mambo. Presha hii hakuna daktari wa kumgusa."

Nilijisikia vibaya, lakini bado matumaini yalikuwepo. Nesi akampa dawa palepale, akamnywesha chupa nzima ya maji, akaniambia nimtoe kwenye lile joto na ule msongamano, nimpeleke ufukweni apate hewa, atulie. "Mrudi saa nane nimpime. Ikishuka anaingia. Daktari anafunga orodha saa tisa, akifunga amefunga." Nikauliza choo kiko wapi, nikijifanya nauliza kwa ajili yangu. Akasema cha wagonjwa wa nje kinakarabatiwa, huko mjini vipo vingi.

Vipo vingi. Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi.

Tulikaa kwenye bustani ya ufukweni, yeye benchi moja, mimi benchi jingine. Upepo ulikuwa mzuri, sikatai. Mama akanusa, akasema kama anajisemea mwenyewe, "Kumbe bahari inanuka chumvi." Hakuwa ameiona maisha yake yote, na hata sasa ilikuwa mbele yake haioni. Nilifurahi kidogo. Nikawaza kesho akifunguliwa bandeji nitampitisha tena hapa aitazame.

Saa sita na nusu akaanza kujifunga kanga na kuifungua. Akasogea ukingoni mwa benchi, akarudi, akabana magoti. Nami nikajua. Mtu mwingine angesema, "Mama, twende chooni," yakaisha. Mimi nilichukua simu nikampigia mke wangu Lushoto.

"Mwulize mama yako kama anahitaji kitu," nikamwambia.

"Si uko naye?"

"Mwulize wewe."

Akakata. Baada ya muda simu ya mama ikalia ndani ya kanga. Akaipokea, akaongea Kishambaa kwa sauti ya chini, amenipa mgongo. Mimi natazama meli. Simu yangu ikalia. Mke wangu akasema, "Mama amebanwa. Mpeleke haraka. Mimi narudi kwenye chumba cha mtihani, simu nazima, mpaka saa kumi." Basi, haja ya mtu aliyekaa hatua tano kutoka kwangu ilipanda mpaka Lushoto ikateremka, ndipo nikaweza kuinuka.

Choo cha bustani kilikuwepo, kimepakwa rangi ya bluu, kimeandikwa cha kulipia. Kina kufuli. Muuza madafu akasema mwenye ufunguo amekwenda kula, atarudi. Tukasubiri. Hakurudi. Kwa nini mtu ajenge choo, akiandike, kisha aondoke na ufunguo mfukoni? Mpaka leo nikimpata nitamwuliza.

Tukavuka barabara kwenye hoteli moja. Mlinzi akasema choo ni cha wateja. Nikaagiza soda nisiyoitaka nikawa mteja. Choo kikawa juu, ngazi nyembamba imejipinda, giza. Mama akapapasa ukuta, akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, akasimama. Alihitaji mkono wa kushika. Mkono ulikuwepo, wangu huu, na niliurudisha nyuma ya mgongo. Nikatazama huku na huku nipate mhudumu wa kike, hakuwepo. Mama akageuka polepole akashuka.

Msikitini upande wa wanawake ulikuwa umefungwa, nao mzee wa pale alijitahidi sana kutafuta funguo mpaka nikamwonea huruma. Hapo ilikwisha fika saa saba unusu. Mama alikuwa anatembea kwa hatua fupifupi, uso umemjaa jasho, midomo ameibana. Nilikuwa nimechoka mpaka nasikia hasira, na hasira zenyewe sikujua ni za nani. Nikasimamisha bajaji, nikamwambia dereva atupeleke popote penye choo kilicho wazi. Mama akakaa nyuma, mimi nikajibana mbele ubavuni mwa dereva, nusu yangu iko nje. Dereva akasema, "Mzee, si ukae nyuma, nafasi ipo." Nikamwambia aendeshe.

Akatushusha sokoni. Choo kilikuwa wazi, alhamdulillahi, na mama mmoja kakaa mlangoni na ndoo ya maji na kopo. Foleni ya wanawake ilikuwa ndefu, lakini walipoiona hali ya mama mkwe wakampisha. Yule wa mlangoni akamshika mkono akamwingiza. Nikavuta pumzi. Saa yangu ilisema saa nane kasoro robo. Nikapiga hesabu, dakika kumi hapa, dakika kumi na tano za njiani, tumewahi.

Nikasimama upande wa wanaume, nimeupa mgongo mlango wa wanawake, kama inavyotakiwa. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Nikajisemea mtu mzima haharakishwi. Nikamtazama yule mwenye ndoo nikitaka kumwuliza, lakini ningemwuliza nini? Nusu saa ikapita. Nikajaribu simu ya mke wangu, imezimwa. Namba ya mama mkwe sikuwa nayo. Miaka yote ile, namba ya mama mkwe ningeiweka ya nini?

Ilipofika saa tisa kasoro dakika kumi nikamwendea yule mwenye ndoo nikamwuliza habari za yule mama mwenye kanga ya kijani. Akashangaa. "Yule ametoka zamani. Nilimtoa kwa mlango wa nyuma, huku kulikuwa na foleni. Akasema mtu wake yupo, atakuja kumchukua."

Nikazunguka ukuta. Mama alikuwa amekaa juu ya tofali, mikono magotini, uso ameuelekeza kwenye sauti za watu. Ukuta ule haufiki hatua kumi. Yeye haoni, na kupaza sauti kumwita mkwe wake mbele ya choo hakuweza. Mimi ninaona, na kupaza sauti kumwita mama mkwe mbele ya choo sikuweza. Tulikaa hivyo saa nzima kasoro kidogo, ukuta katikati, kila mmoja akimheshimu mwenzake.

"Mama, twende," nikasema.

"Nilidhani umeniacha," akasema.

Hospitali tulifika saa tisa na dakika ishirini. Yule nesi akamkalisha mama palepale koridoni akampima. Akautazama mtambo wake kwa muda. "Imeshuka," akasema. "Imeshuka vizuri kabisa. Mlikuwa wapi?"

"Chooni," nikasema.

"Tangu saa tano?"

Nesi aliingia ndani kutuombea, na alituombea kweli, sauti yake niliisikia kupitia mlangoni. Akatoka peke yake. Daktari amekwisha vua glavu, vifaa vimefungwa, gari linasubiri. Mama akasema, "Mwanangu, usimlaumu mkwe wangu. Kosa ni langu. Nilimwonea haya." Nesi akamshika bega. Ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Mama yangu," akasema, "mficha uchi hazai."

Usiku huo tulilala kwa jamaa zake mama walioko mbali, nje ya mji, asubuhi tukapanda basi. Nyumbani mama alimwambia mke wangu kwamba wagonjwa walikuwa wengi, zamu haikumfikia. Mke wangu akanitazama, nami nikasema ndiyo, walikuwa wengi. Nimeuishi uongo huo mpaka nilipoamua kuandika haya.

Madaktari wengine walikuja baada ya miezi mingi. Safari hiyo mke wangu alimpeleka mwenyewe. Wakamwambia mtoto wa jicho alikaa mno, jicho limeharibika kwa ndani, hakuna cha kupasua tena. Hata kile kivuli cha mtu na ule mwanga wa mlangoni vilikwisha ondoka.

Kwa hiyo mama anaishi kwetu. Watoto wetu wako shule za bweni, mke wangu hutoka asubuhi na mapema kwenda kazini, na mimi shamba langu liko hapa hapa nyuma ya nyumba. Choo chetu kiko nje, chini ya jiko, kwenye mteremko. Mwanzoni nilifunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni ili ajishikilie aende mwenyewe. Niliifunga vizuri na nilijiona nina akili sana. Kumbe nilikuwa bado natafuta njia ya kutomshika mkono. Masika yalipoingia aliteleza akaangukia kwenye tope, akakaa pale, hakuita. Nilimkuta nikirudi na jembe, mvua inamnyeshea.

Kamba niliifungua siku hiyo hiyo. Sasa kila asubuhi mke wangu akishaondoka nasikia sauti kutoka chumbani: "Baba, nipeleke chooni." Anaisema waziwazi. Naacha ninachofanya, nanawa mikono, namshika. Mkono wake ni mwepesi na wa baridi. Nasimama nje ya mlango, na nikiona anakawia nauliza kwa sauti, "Mama, umemaliza?" Naye anajibu, "Bado, mwanangu, ningoje." Tungesemezana hivi siku ile Tanga, leo angekuwa anakwenda mwenyewe.