Betri ya Mia Haina Uniti Mia

Amefariki fundi sola wetu wa Mabwerebwere, na msibani nilijikuta nahesabu waombolezaji. Nilitaka wawe wachache. Hawakuwa wachache, wengine walitoka mbali, hadi Kidete. Nimezoea kuwaambia ukweli hapa kwenye safu yangu, basi na huu niuseme: nilimwonea wivu yule bwana, na nadhani bado. Sote tuliishia darasa la saba, ila yeye ukimuuliza uniti moja ya umeme ni nini, alijibu papo hapo: "Taa ya wati kumi, saa mia." Ukatoka umeelewa.

Siku moja mama muuza juisi aliniuliza mimi kwanza, kwa kuwa naandika gazetini: akinunua betri ya mia, friji yake itakwenda siku ngapi jua lisipotoka? Alishauza mbuzi wawili apate hela ya kuinunua. Nikamjibu bila kusita, "Ina uniti mia hiyo, mama. Friji inakula moja kwa siku. Miezi mitatu!" Fundi alikuwa pembeni anafunga waya. Alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Kaka mwandishi, kwa betri hiyo si Kidatu wangefunga bwawa lao la umeme? Ile mia ni ampea-saa. Zidisha kwa volti kumi na mbili, upate wati-saa, gawa kwa elfu. Uniti moja na kidogo. Siku moja tu, mama, na usiikamue yote." Mama akanigeukia: "Kumbe na wewe hujui?"

Wiki iliyofuata niliiandika hesabu ile hapa, kana kwamba ni yangu. Mkanisifu. Fundi akaikata gazetini, akaibandika dukani kwake. Nilipokwenda kwa woga kumsikiliza, alisema, "Umenipunguzia kazi, kaka. Sasa wanakuja wameshaelewa." Nilirudi nyumbani wivu umezidi. Hata kwa moyo alinishinda, na kwa haki siwezi kusema vingine.

Sasa msibani binti yake akanijia. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba." "Ile karatasi yako baba alikuwa akiwasomea wateja. Nimewaambia wageni wewe ndiye uliyemfundisha." Nami, mbele ya watu, nikaitikia kwa kichwa.

Binti, sikumfundisha. Alinifundisha yeye. Uniti mia ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Aliyekufundisha mtaje angali anasikia, mimi nimechelewa. Karatasi ile bado iko ukutani na jina langu. Chukua kalamu, ulikate, uandike la baba yako.