Mihogo Yangu Ndani ya Boti ya Shemeji

Nisiwafiche, mpaka leo nikipita ufukweni hapa Rumonge kuna wanawake wananiita Mama Mihogo, na mimi mihogo siuzi, sijawahi kuuza, mimi ni mtu wa ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, tangu nimeolewa. Jina hilo nilijitafutia mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa mdomo wangu huu (hasa mdomo), siku ile ziwa lilipofunguliwa.

Mnajua siku hizi ziwa linafungwa miezi mitatu, hakuna kuvua, samaki wazae wakue. Ni jambo zuri, sibishi, ila kwa mtu anayekula kwa ndagala miezi hiyo ni mirefu jamani. Boti zinavutwa mchangani zinalala, vichanja vyetu vya kuanikia vinabaki vitupu, na sisi wanawake sita wa kikundi chetu tunarudi kwenye jembe. Mimi nilikuwa nimeleta mihogo kutoka Kigwena, nimeimenya, nimeikata, natafuta pa kuianika ambapo mbuzi hafiki, ndipo nikaiona boti ya shemeji yangu Hamadi, mdogo wa mume wangu, imejilalia juani, ina ukuta pande zote, safi kabisa. Nikaimwaga mihogo humo ndani, nikajiona mjanja.

Sasa boti ya mbao ikikaa juani muda wote huo mbao zinasinyaa, mianya inafunguka. Kwa hiyo kabla ya siku ya kuvua watu wanaziba kwa pamba na lami, halafu wanaizamisha boti hapo kando siku nne tano, mbao zinywe maji zivimbe zibanane. Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua hilo. Shemeji akaja kuniambia nitoe mihogo, anataka kuzamisha boti. Nikaishika mihogo, bado mibichi kidogo katikati. Nikamwambia aniachie siku tatu tu. Shemeji ni mpole, ananiheshimu kuliko ninavyostahili, akaniachia. Siku tatu zikawa nne (mawingu yalipita, hilo si langu), na boti ikalala majini siku moja peke yake. Tena siku ya kutoa mihogo nilitoa mbiombio, vile vipande vilivyoponyokea chini ya mbao za kukanyagia nikaviacha, nikasema nani ataviona.

Na siku ya kwanza ya kuvua haikuwa siku ya mchezo kwetu. Kulikuwa na Maman Béatrice, mama wa Bujumbura mwenye duka kubwa la samaki wakavu, ametuahidi kwamba akija siku hiyo akakuta mali nzuri na maneno ya kweli, atachukua ndagala yetu msimu wote. Asiporidhika anaendelea na safari mpaka Nyanza-Lac, huko ana watu wengine wanamsubiri. Wenzangu watano walikuwa wanataka kuuzia yeyote atakayepita, ni mimi niliyewashawishi wamsubiri yeye. Na ni mimi niliyepewa kazi ya kumtumia habari za ziwa asubuhi ile, kwa sababu nilishajisifu kwa kila mtu kwamba mimi boti naisoma kutoka mbali.

Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri ajabu. Upepo wa kusini umetulia, maji yamelala, mbalamwezi haikuwepo kwa hiyo taa za kuvutia ndagala zilifanya kazi usiku kucha, na ndege weupe wanazunguka mbele kule, dalili yenye kila mtu anaipenda. Boti ya kwanza kuonekana ikawa ya shemeji. Nikaitazama. Imekaa chini sana majini, inakuja polepole, watu ndani hawaongei. Jamani, boti tupu inaruka na watu wake wanapiga kelele, boti yenye samaki inakuja hivyo hivyo, nzito, kimya. Wenzangu wakasema tungoje ifike. Mimi simu iko mkononi tayari, nikamtumia Maman Béatrice sauti (alikuwa mjini karibu na soko, anakunywa chai): "Maman, kuja mbio. Boti ya shemeji imejaa mpaka inataka kuzama."

Hilo la kuzama lilikuwa kweli tupu.

Maman Béatrice akafika na pikapu yake, wanunuzi wengine walipoona pikapu wakamfuata, watoto wakafuata watu, ufukwe ukajaa. Mimi nimefunga kitenge juu ya magoti, nimeingia majini mbele ya wote na beseni langu, nawapanga watu kama mwenye harusi. Shemeji akawa anapunga mikono miwili kule kwenye boti. Nikajua ni furaha. Na mimi nikampungia, tena nikawaambia wenzangu wapunge.

Ilipofika karibu ndipo nikaona wanaume wawili wanachota maji kwa makopo ya rangi, shemeji amesimama maji yako kwenye magoti, amekumbatia taa zake. Hakunipigia kelele, aliongea taratibu kabisa: "Shemeji, leta mabeseni. Tunazama."

Na juu ya yale maji, mbele ya Rumonge nzima, ilikuwa inaelea mihogo yangu. Imevimba, myeupe myeupe, inagongana na ndagala chache zilizobaki. Mzee mmoja mnunuzi akainama akatoa kipande, akakigeuza, akauliza kwa utulivu huyu ni samaki gani. Watu waliocheka siku ile wengine nadhani bado wanacheka. Mimi masikio yaliwaka moto, nikatamani ziwa linifunike. Nikaparamia boti ili nijifiche kwenye kazi, nikateleza, nikaanguka humo ndani chali katikati ya mihogo.

Lakini wenzangu, Mungu awabariki, hawakucheka kwanza. Walijipanga, mabeseni sita, tukamwaga maji yale bila kupumua mpaka boti ikanyanyuka, nyavu zikapona, taa zikapona. Hapo shemeji akakaa ukingoni, akaniambia, "Tulivua sana, shemeji. Tulirudisha ziwani, ili tusizame."

Nikalia. Kwa kweli nikalia, hadharani, na kitenge kinachuruzika. Nikamgeukia Maman Béatrice, amesimama pale na viatu mkononi, nikamwambia makosa si ya kikundi wala ya shemeji, ni ya kwangu: "Aliniomba boti yake, nikamwambia asubiri mihogo ikauke. Na hiyo mesaji nilituma kabla ya kuona samaki."

Nikasema basi, Nyanza-Lac hiyo. Maman Béatrice akatazama ziwa, boti nyingine mbili zilikuwa zinakuja, zimekaa chini, polepole, kimya, na wenzangu wote wakanigeukia mimi. Sikufungua mdomo. Zikafika zimejaa ndagala nono yenye haijaonekana hapa siku nyingi, na mikeke, wale samaki wakubwa wanaofuata ndagala, juu yake, ufukwe mzima ukanuka riziki. Maman Béatrice akavaa viatu vyake.

"Wanawake wenye wanaokoa boti hivi, nitanunua kwao," akasema. "Lakini habari za ziwa atume mwingine."

Tukaanika siku ile mpaka vichanja vikaisha. Simu ilienda kwa mwenzetu Ciza, yeye hasemi kitu mpaka amekishika kwa mkono. Mimi mihogo naianika juu ya mabati, na ziwa likifungwa tena, siku ya kuzamisha boti ya shemeji nitaisukuma mwenyewe, nimeshaapa, nitailinda majini siku zote tano. Shemeji alinisamehe siku ile ile. Maman Béatrice naye hajakosa wiki hata moja, na kila komande yake, yaani mali anayoagiza, Ciza anatusomea kwa sauti mpaka neno lake la asante, ananitazama mimi: "Ndagala, magunia matatu. Bila mihogo. Murakoze."