Kichwa cha Treni cha Mzee Punguza

Sijazoea kusema mbele za watu, ndiyo maana nimeandika, tena polepole. Lakini haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa Ifakara, na si usiku. Ilikuwa mchana, mvua ikinyesha. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nacheka.

Nilikulia Mang'ula, karibu na stesheni, na tangu utotoni napenda treni. Sasa naishi Kibaoni kwa dada yangu Salome, na chini ya kitanda nina reli ya plastiki na mabehewa sita ya kuchezea. Kila Noeli nayapeleka kigangoni, nalizungushia reli pango la Mtoto Yesu, na watoto wanajaa mpaka katekista anakosa pa kupita.

Noeli iliyopita ilipokaribia, zikiwa zimebaki siku tatu, kichwa cha treni kikaungua mota. Bila kichwa, mabehewa ni makopo tu. Na watoto walishaanza kuniuliza njiani, "Kaka, treni inakuja?" Ningewajibu nini?

Dukani vichwa vipya vilikuwepo. Cha kwanza nilikinunua elfu thelathini. Sasa vilikuwa elfu sabini, na mimi nilikuwa na elfu kumi na tano.

"Si ununue cha mtumba?" Salome akasema.

"Mtumba lazima uombe kupunguziwa."

"Kwa hiyo?"

"Naona haya."

Alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Lakini ni kweli. Nilipenda vitu vipya kwa sababu dukani bei imeandikwa. Unalipa, unaondoka, husemi na mtu.

Nikaenda mtumbani. Mvua ilikuwa imewafukuza wengi. Mwisho wa safu, chini ya turubai, alisimama mzee mwenye koti refu, na gunia la midoli mbele yake. Juu ya gunia kulikuwa na kichwa cha treni cha kijani.

"Shikamoo, mzee. Hicho bei gani?"

"Marahaba. Elfu kumi na tano."

Sawasawa na pesa yangu! Nikaitoa haraka. Yeye akarudisha mikono nyuma.

"Huombi nipunguze?"

"Hapana, mzee."

"Basi siuzi. Watu wanne wameshakinunua bila kubisha hata neno. Wote kimewatoroka, kimerudi kwangu. Nimechoka, mjukuu wangu. Nataka kwenda kupumzika."

Akasogea, akaniwekea kichwa kile mkononi nikikague. Sasa, mtu mwenye haya hatazami watu usoni, anatazama chini. Ndipo nilipoona. Tope lilikuwa limenimeza mpaka vifundoni, nyayo zangu zimejaa maji. Zake hazikuwepo. Pale alipokanyaga, tope halikuwa na alama, laini kama uji uliopoa.

Niamini, nilitaka kukimbia. Na watoto je? Nikafumba macho, nikapiga kelele, "Elfu tano!"

"Toba!" Mzee aliruka kwa furaha. "Unanunua treni au karanga? Kumi na nne!"

"Rangi imebabuka. Sita!"

"Imebabuka kwa safari! Hicho kipya cha dukani kimeshawahi kupita kona? Kumi na mbili!"

"Gurudumu linachechemea. Saba!"

"Hata mimi nachechemea, na bado nipo kazini! Kumi!"

"Nane, mzee, la sivyo naondoka!" Na kweli niliondoka, hatua tatu, kama ninavyowaona akina mama wakifanya.

"Njoo, njoo bwana! Chukua."

Nikampa noti ya elfu kumi, akanirudishia elfu mbili, machozi ya kicheko yakimtoka. Niliinama kuficha kichwa cha treni ndani ya shati. Nilipoinuka hapakuwa na mzee, wala gunia, wala turubai.

Mama muuza dagaa alikuwa ananikodolea macho. "Mdogo wangu, unabishana na nani? Hapo hakai mtu tangu tumzike Mzee Punguza masika iliyopita. Yule hakuuza kitu mpaka mbishane!"

Noti ile ya elfu mbili ninayo hadi leo. Mimi nilifika nyumbani nimelowa mpaka mifupa. Yenyewe ilikuwa kavu.

Mkesha wa Noeli treni ilizunguka vizuri mara mbili, kisha ikasimama mbele ya pango. Betri mpya, reli safi, haiendi. Salome akaisukuma, wapi! Watoto wote wananitazama. Nikamkumbuka mzee. Mbele ya kanisa zima, mimi huyu, nikaita, "Elfu nane!"

Ikaondoka. Watoto wakalipuka kwa shangwe. Tangu siku hiyo kila inaposimama wanaita wenyewe, "Elfu nane!", hata wasiojua bado kuhesabu.

Kichwa hakijarudi mtumbani. Naamini mzee amepumzika, ila tabia yake tumebaki nayo, treni na mimi. Siku hizi nabishania hata bei ya sindano. Salome anasema iko siku nitamwomba padri anipunguzie malipizi ya dhambi zangu.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Vipya vikikushinda bei, nenda mtumbani, lakini usilipe bei ya kwanza. Na kabla ya kutoa pesa, tazama chini uone kama muuzaji ana nyayo. Kama hana, usikimbie. Taja nusu, kisha ondoka hatua tatu. Atakuita.